TUNUNUE VITU VINAVYODUMU



Muhula huu nimesikia neno moja likirudiwa mara nyingi mabwenini, nalo ni hili: "Vitu vya siku hizi vyote ni vibovu, kwa hiyo nunua cha bei ndogo kabisa, kikifa ununue kingine." Wanaosema hivyo ni watu wenye akili, na baadhi yao ni rafiki zangu. Lakini mimi siafikiani nao hata kidogo. Nimemwomba Mhariri anipe nafasi nieleze sababu zangu, na mwisho nitoe shauri moja ambalo laweza kutendwa hapa hapa shuleni bila kungoja fedha ya mtu.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na wazazi walishukuru. Lakini vifaa vya mwanafunzi wa bweni bado ni juu ya mzazi: godoro, shuka, chandarua, tranka, ndoo, jembe, fyekeo, sare, na viatu vyeusi vya ngozi. Mzazi aliye mkulima huuza mazao yake mara moja kwa mwaka. Januari, watoto wanapofungua shule, ndiyo miezi ambayo ghala limepungua na shamba lataka mbegu. Sasa, kama ndoo imepasuka na viatu vimefumuka kabla ya Juni, fedha ya kununua vingine itatoka wapi? Itatoka katika chakula, au katika dawa, au katika mbegu. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kuchagua kitu kizuri ni anasa ya matajiri. Tajiri akinunua kitu kibovu hupata hasara. Maskini akinunua kitu kibovu hukosa usingizi.

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme jozi moja ya viatu ni shilingi 15,000, soli yake imegundishwa tu, nayo yadumu muhula mmoja. Kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne ni mihula 8. Mwanafunzi huyo atanunua jozi 8, yaani shilingi 120,000. Tuseme jozi nyingine ni ya ngozi, soli imeshonwa, bei yake ni shilingi 45,000. Kwa kuwa mguu wa kijana hukua, mwanafunzi wa pili atanunua jozi mbili, moja akiwa kidato cha kwanza na moja akiwa cha tatu. Hizo ni shilingi 90,000. Kila jozi atamwomba fundi aibadilishe soli mara moja kwa shilingi 8,000. Jumla ni shilingi 106,000. Amebakiza shilingi 14,000, na jozi ya kwanza bado ni nzima, mdogo wake aweza kuivaa. Kwa mtu mzima, ambaye mguu wake haukui tena, tofauti ni kubwa zaidi: jozi moja na soli tatu kwa miaka minne ni shilingi 69,000 tu. Bei hizi ni za mfano. Kila msomaji na aweke bei za soko la kwao, aone kama jibu litageuka.

Lakini wenzangu huuliza: utajuaje kitu kitakachodumu, na hali vyote vyang'aa dukani? Nami hujibu kwamba yapo maswali manne ya kukiuliza kitu. Kwanza, kimetengenezwa kwa nini? Pili, sehemu zake zimeungwa namna gani? Tatu, kikiharibika, fundi wa kijijini aweza kukitengeneza? Nne, ni cha kazi gani? Kitu kisichoweza kujibu maswali haya, hata kama muuzaji anakisifu mpaka sauti yakauka, kiache. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tuanze na viatu. Ngozi ya kweli ukiibonyeza kwa kidole hufanya makunyanzi madogo madogo yasiyolingana, na ukingo wake uliokatwa huonyesha nyuzi nyuzi. Ngozi ya bandia ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Ukitazama ukingo wake utaona tabaka mbili, na baada ya miezi michache hubanduka kama ganda la kitunguu. Kisha tazama soli. Soli iliyogundishwa tu huachama ikilowana mara chache. Soli iliyoshonwa kwa uzi mnene hukaa, nayo ikilika fundi huifumua akashona nyingine. Mwisho kunja kiatu kwa mikono miwili. Chapaswa kukunjika pale vidole vya mguu vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama karatasi, hicho hakina mgongo.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, hasa sisi tunaopenda viatu vya mtumba. Baadhi ya mabuti yana soli ya povu laini jepesi, inayoitwa poliurethani. Soli hiyo ni nzuri ikiwa mpya, lakini unyevu wa hewa huila polepole hata kama kiatu hakivaliwi. Buti lililokaa ghalani miaka mingi laweza kuonekana jipya kabisa, mtu akalivaa wiki moja, soli ikamong'onyoka kama mkate mkavu. Basi, ukishika buti la mtumba, ikandamize soli kwa ukucha. Ikiacha shimo au ikitoa ungaunga, lirudishe juu ya meza. Soli ya mpira mgumu haina ugonjwa huo.

Sasa viatu vya kazi. Hapa kosa halili mfuko peke yake, hula na mguu. Swali la nne, yaani "ni cha kazi gani," ndilo kubwa kuliko yote. Baba yangu ni fundi mwashi, na kwa kazi yake nimejifunza kwamba hakuna kiatu kimoja kinachofaa kila mahali. Anayemwaga zege yafaa avae gambuti, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi, iwe ngozi ya kiatu au ngozi ya mtu. Anayejenga juu ya mbao zenye misumari yafaa avae buti lenye bati la chuma ndani ya soli. Anayebeba mawe na nondo yafaa avae buti lenye kofia ya chuma mbele ya vidole. Kipo kipimo cha kimataifa cha mabuti ya namna hiyo, kiitwacho ISO 20345. Kofia ya buti lililofuata kipimo hicho hujaribiwa kwa pigo la nguvu ya jouli 200, nayo haipaswi kuviponda vidole. Namba hiyo huandikwa katika kiatu chenyewe, aghalabu kwenye ulimi. Herufi S1 pekee haina maana kwamba msumari hautapita. Lililoandikwa S3 lina kinga ya misumari katika soli na ngozi isiyopitisha maji upesi. Tukijua kusoma alama hizi, mwuzaji hawezi kutuambia kwamba kila buti zito ni buti la kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Hiyo ni haki, na vijana tunaotazamia kuajiriwa tuijue. Lakini mafundi wengi na wakulima karibu wote hawana mwajiri. Wao ndio wanaojinunulia. Mkulima wa mpunga hushinda majini, na maji hayo yaweza kuwa na kichocho. Katika ardhi yenye unyevu hukaa minyoo ya safura, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo zisizo na kiatu. Na nyoka wako. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na watu wanaoumwa zaidi ni wakulima na wachungaji. Gambuti refu lililo zima ni kinga dhidi ya mambo hayo yote matatu. Lakini lililopasuka huingiza maji na kuyashika, nalo huwa baya kuliko mguu mtupu. Kwa hiyo unaponunua gambuti, litie mkono ndani utafute mahali palipo pembamba, kisha likunje kifundoni. Likionyesha nyufa nyeupe, mpira wake umekwisha kuzeeka.

Nisisahau katambuga, ambazo jirani zetu wa Kenya huziita akala. Wenzangu huzicheka. Mimi nasema kwamba fundi aliyekata tairi la gari lililokwisha, akatengeneza kiatu cha kuzunguka nacho miaka kadhaa katika miiba, ni mtu wa kuheshimiwa. Amejibu maswali yote manne. Kitu chake ni mpira mgumu wenye nyuzi ndani, kimepigwa misumari, kikikatika mkanda hutengenezwa kwa dakika tano, nacho ni cha kutembea na kuchunga. Si cha kumwagia zege wala cha kuingia majarubani, na yeye hakusema kwamba ni cha kazi hizo.

Tuje kwenye vyombo vya nyumbani. Maswali ni yale yale. Sufuria nyembamba hubonyea, hucheza juu ya mafiga, na huunguza ugali upande mmoja huku upande mwingine ukiwa mbichi. Chagua iliyo nzito, yenye kitako bapa. Kikaango chenye mpini tazama ribiti zake: zikiwa mbili au tatu zilizokaza, utadumu; ikiwa moja, siku moja mafuta ya moto yatamwagikia mtu. Jiko la mkaa la bati tupu ni la bei ndogo, lakini lililotiwa udongo wa kuchoma ndani hushika joto na kupunguza mkaa. Na kwa kuwa mkaa hununuliwa kila siku, jiko hilo hurudisha bei yake taratibu bila mwenyewe kuona.

Bati za kuezekea zina siri ambayo kila kijana aijue kabla hajajenga. Unene wake huandikwa kwa geji, na namba hiyo huenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Asiyejua hudhani 32 ni bora kwa sababu ni namba kubwa. Upepo wa masika wa kwanza humfundisha.

Tranka nalo ni bati. Bonyeza kifuniko kwa kiganja. Kikiingia ndani na kurudi kwa mlio, ni chembamba. Tazama bawaba na komeo, maana tranka huanza kufa hapo. Ndoo ya plastiki nyembamba huuawa na jua, basi usiianike uwanjani kutwa nzima. Jembe ligonge kwa jiwe: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama debe. Magodoro mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, lililo zito ndilo ambalo povu lake limeshikamana, na ndilo litakalokubeba hadi kidato cha nne bila kuwa mkeka.

Sasa nijibu hoja za wanaonipinga.

Wa kwanza husema kwamba viwanda vyenyewe vimekusudia vitu vife upesi, hivyo mnunuzi hawezi kitu. Ni kweli kwamba mambo hayo yamewahi kutokea. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme, yakiwamo Osram la Ujerumani na Philips la Uholanzi, yalipatana mjini Geneva kwamba balbu idumu saa 1,000 tu, ingawa nyingi wakati huo zilidumu saa 1,500 au zaidi. Aliyetengeneza balbu ya kudumu kupita kiasi alitozwa faini! Lakini tazameni na upande wa pili. Mwaka 2015 Ufaransa ilitunga sheria iliyofanya kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo haikushuka mbinguni. Wanunuzi walilalamika wakasikiwa. Nasi tunalo Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani, ambayo hushughulika na bidhaa bandia. Tukinyamaza na kununua kingine, tumempigia kura mtengenezaji wa vitu vibovu.

Wa pili husema kwamba kitu cha bei kubwa si lazima kiwe cha kudumu. Hapo twapatana kabisa. Mimi sikusema tununue vitu ghali. Kuna viatu ambavyo nusu ya bei yake ni jina lililoandikwa ubavuni, na soli imegundishwa kama ya vile vya sokoni. Ndiyo sababu nikasema tukiulize kitu maswali, tusiiulize bei. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na jina kubwa laweza kufunika kidonda kikubwa.

Wa tatu ana hoja iliyo nzito kuliko zote, nami siwezi kuipita kwa maneno mepesi. Husema: "Mama yangu ana shilingi 15,000 mkononi leo. Wewe wamwambia habari za shilingi 45,000. Azitoe wapi?" Huu ndio ubaya wa umaskini, kwamba humlazimisha mtu kulipa zaidi kwa sababu hana cha kutosha kulipa mara moja. Hesabu yangu ya juu haina faida kwa mtu asiye na fedha ya siku ya kwanza. Hata hivyo njia ziko. Akina mama wengi wana upatu au kikoba. Zamu ya kupokea ikifika, na inunue kitu kimoja cha miaka mitano badala ya vitano vya mwaka mmoja. Njia nyingine ni kununua kwa utaratibu: mwaka huu viatu, mwaka kesho godoro, kuanzia na kile ambacho kikiharibika huumiza mwili. Njia ya tatu ni kutengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na soli iliyoachama kidogo leo hushonwa kwa fedha ndogo, lakini ikiachwa mwezi mmoja kiatu kizima hutupwa. Njia ya nne ni kutunza: kupaka viatu rangi, kuvianika kivulini na kujaza karatasi ndani vikilowa, wala si kuviweka karibu na moto, kwa kuwa moto huikausha ngozi ikapasuka.

Tena, nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye ng'ombe wengi zaidi katika Afrika. Huko Njombe miwati hupandwa, na magamba yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Huko Moshi, Karanga, kipo kiwanda cha viatu cha Jeshi la Magereza kwa ushirika na mfuko wa pensheni. Lakini tukumbuke pia kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikufikia ila sehemu ndogo sana ya uwezo huo, nacho kilifungwa mwaka 1990. Naona funzo hapo: hata kiwanda ni kitu, nacho chapasa kuulizwa maswali yale yale kabla hakijajengwa, hasa lile la tatu, kama kikiharibika kitatengenezwa na nani.

Sasa shauri langu. Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani Novemba kisha tutaondoka. Kila mwaka, siku hiyo, vitu hutapakaa mabwenini: matranka mazima, majembe, mafyekeo, ndoo, hata viatu ambavyo vyataka soli tu. Vingine hutupwa, vingine huuzwa kwa bei ya sabuni. Januari inayofuata hufika mtoto wa kidato cha kwanza ambaye baba yake ameuza mbuzi ili anunue vitu hivyo hivyo, tena vibovu. Je, hili si jambo la ajabu?

Nashauri tuwe na stoo ndogo ya kurithishana, chini ya mwalimu mmoja na viranja wawili. Anayeondoka na apendaye aache kitu kizima, kiandikwe daftarini, na anayekuja akiwa na shida akiazime miaka minne, naye akirudishe. Pili, tuwe na chama cha ufundi wa viatu. Vyombo vyake si vingi: kalibu, nyundo, sindano ya fundi, uzi, gundi na kisu. Naamini fundi mmoja wa mjini angekubali kutufundisha Jumamosi kadhaa. Kwa chama hicho hakuna mwanafunzi atakayekwenda shamba la shule na mguu wazi kwa sababu ya soli ya shilingi elfu chache. Zaidi ya hayo, baadhi yetu tutaondoka na kazi mikononi hata kama mtihani hautatuchekea.

Mimi mwenyewe nitaacha tranka langu, jembe langu na jozi moja ya viatu namba 8, soli imeshonwa upya. Wenzangu wa kidato cha nne nawaomba wafikiri watakachoacha. Na wale ambao bado wanaona kwamba cha bei ndogo ndicho bora, Mhariri hana ubaguzi. Na waandike hesabu yao katika toleo lijalo, tuisome.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne